Demokrasia ya Haja Ndogo

Gazeti la mji wa Ottersby hutoka kila Alhamisi, na Alhamisi hiyo Dilys Pargeter aliingia nalo kijiweni akiwa amelikunja likawa kama rungu la polisi. Wenzake wakajua kuna mtu atahukumiwa. Ndiyo maana walimwita Mahakama. Alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote ya kazi, na watoto aliowalisha, ambao sasa wengine ni madiwani na maaskari wenye vyeo, hadi leo wakikutana naye barabarani huficha mikono asije akawakagua kucha.

Kijiwe chenyewe ni kibanda cha chai cha Gwenda, pembeni mwa uwanja wa soko, chini ya turubai linalovuja upande wa wateja na kukauka upande wa Gwenda. Wateja wa kudumu walikuwa watatu. Mahakama, wa kwanza. Wa pili Ranjit Sohal, aliyeuza mazulia mpaka akastaafu, ambaye walimwita Kinyume kwa kuwa ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza una ushahidi gani, na huku maji yanamchuruzika masikioni. Wa tatu alikuwa Clive Ormerod, dereva wa basi mstaafu, na huyu jina lake lilikuwa Breki. Wageni walidhani ni mambo ya udereva. Wenyeji walijua ni mambo ya kibofu. Breki akinywa nusu kikombe alisimama ghafla katikati ya sentensi, iwe yake au ya mwenzake, akaelekea choo cha umma kilicho nyuma ya kibanda. Akirudi aliendelea kutoka neno lile lile alilolikata.

Mahakama alilaza gazeti mezani, akalipiga kofi.

"Wanafunga choo," alisema.

Breki aliyekuwa anapuliza chai akaacha kupuliza. "Choo gani?"

"Kingine kipo? Hicho hapo. Wanasema ni cha kizamani, hakiendani na hadhi ya mji."

"Nani wanasema?" Kinyume akadakia.

"Halmashauri."

"Ipi? Maana hapa tuna halmashauri kama tuna mafua. Usiseme halmashauri tu, utamwonea mtu."

Basi ubishi ukawaka. Kinyume alishika usukani, akaanza kuwapanga. Kuna kaunti, hiyo ndiyo yenye barabara na taa. Kuna manispaa, yenye mapipa, bustani na vibali vya ujenzi. Kuna parokia, si ya kanisa bali halmashauri ndogo kuliko zote, yenye mabenchi na maua ya kwenye vyungu. Mbwa wako akijisaidia barabarani, alisema, lami ni ya kaunti, mzigo ni wa manispaa, na benchi utakaloshika usidondoke ukiukwepa ni la parokia.

Gwenda, aliyekuwa anakaanga nyama ya nguruwe ya mkate wa mtu, akauliza bila kugeuka kuhusu taka zake. Akaambiwa kuzizoa ni kazi ya manispaa, ila kuzitupa ni kazi ya kaunti.

"Sasa lori likiwa njiani, halijafika jalalani, taka ni za nani?"

Kinyume alifikiri kidogo. "Za dereva."

Hata Mahakama alicheka. Breki hakucheka. Alikuwa ameinuka tayari, anatembea kuelekea nyuma ya kibanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Choo kilifungwa wiki iliyofuata. Walikuja vijana wawili wa manispaa na mbao, wakapigilia misumari, wakanywa chai kwa Gwenda, halafu mmoja wao akauliza choo kiko wapi.

Breki alijaribu kila njia. Alijaribu kuja bila kunywa, akawa amekaa mbele ya kikombe kitupu kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Alijaribu kunywa bila kukaa sana, lakini maongezi ya pale hayana sana wala kidogo, ukiondoka mapema unaondoka na nusu ya ugomvi na nusu hiyo inakuwasha mwili mzima. Baa iliyokuwa jirani ilikuwa imegeuzwa duka la kuuza nyumba, na maktaba ilifunguliwa siku ambazo hakuna aliyewahi kuzijua kwa uhakika. Mwishowe akaacha kuja.

Siku ya tatu Mahakama alimfuata nyumbani. Mkewe Breki, Enid, alikuwa amefariki majira ya baridi ya mwaka juzi, na tangu hapo nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, kama inasubiri mpangaji. Alimkuta jikoni anabishana na redio, na redio ilikuwa inamshinda.

"Vaa koti," Mahakama alimwambia. "Nimepata choo."

Alichokuwa amekipata ni hiki. Jumba la manispaa liko ng'ambo ya uwanja wa soko, na ndani mna choo cha wananchi, chenye maji ya moto na sabuni inayonukia ndimu. Ila mlinzi wa mlangoni, Lionel, alikuwa na amri. Mwananchi haruhusiwi kupita isipokuwa amekuja kuhudhuria kikao.

"Na vikao viko lini?" Breki akauliza.

"Lionel anasema ukiacha Jumatatu, saa yoyote ya kazi ukimwaga maji kwenye zile ngazi lazima yalowanishe kamati."

Alasiri ile ile walivuka uwanja wote watatu, wakiwa na chai ya Gwenda tumboni. Lionel aliwauliza wamekuja kikao gani. Mahakama, ambaye hakuwa amejiandaa, akajibu kwamba wamekuja kikao kilichopo. Ilikuwa kamati ndogo ya leseni. Walikaa kwenye viti vya wananchi nyuma kabisa, viti ambavyo vumbi lake lilikuwa halijaguswa, na madiwani watatu waliokuwa mbele wakageuka kuwatazama kwa hofu, wakidhani pengine kuna msiba.

Siku hiyo kinyozi mmoja alikuwa anaomba ruhusa ya kuwapa wateja wake bilauri ya mvinyo wakati wa kunyolewa. Diwani mmoja alitaka kujua mteja akilewa akiwa amenyolewa nusu kichwa atatambulishwaje kwa polisi. Breki alisikiliza hilo, akasimama, akatoka. Alipokuwa anarudi, amenawa mikono kwa maji ya moto, alijikuta anaharakisha. Alimwinamia Kinyume, akamwuliza kwa mnong'ono, "Kinyozi kapata?"

"Kapata, lakini mvinyo usianze mpaka upande mmoja uishe."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Asubuhi kijiweni, mchana halmashauri. Walihudhuria kamati ya mipango, kamati ya ukaguzi, kamati ya viwango, na kamati ya makaburi, ambayo Kinyume aliipenda kwa kuwa wahusika wakuu hawakuwahi kupinga hoja. Mwanzoni Breki alikuwa anakwenda kwa ajili ya kutoka. Baadaye akaanza kujali mambo yasiyomhusu. Kila kesho yake, chini ya turubai, wao watatu ndio waliokuwa na habari, na Gwenda alisahau nyama kwenye moto kwa kuwasikiliza.

Kesi ya bata ndiyo iliyowashika kabisa. Bwana mmoja wa mtaa wa Tanners alikuwa amewajengea bata wake nyumba ya ghorofa moja bustanini bila kibali. Jirani yake akashtaki kwamba bata wa juu wanamchungulia chumbani. Kamati ya mipango ilikwenda hadi kwenye bustani kutazama kwa macho, ikaahirisha, ikaita mtaalamu, na diwani mmoja alisema ni lazima itofautishwe kati ya bata anayetazama na bata aliyeelekea upande huo tu. Siku ya uamuzi Breki alizuia haja yake mpaka machozi yakamtoka. Hatimaye hakuweza. Alipotoka mbio na kurudi, alimkuta Mahakama ameketi ameridhika.

"Nyumba inabaki," alimwambia. "Ila dirisha la juu liwekwe kioo cha ukungu."

Sasa ijulikane kwamba Ottersby ina meya, na meya ana mkufu wa dhahabu mzito unaomfanya atembee kama farasi wa shamba. Hukata riboni, huongoza vikao vya baraza zima, hupeana mikono na watoto. Lakini mwenye kauli ni kiongozi wa halmashauri, na wakati huo alikuwa Bi Prudence Haythorne, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliyeingia madarakani akiahidi kuwarudisha wananchi kwenye halmashauri yao. Kwa miaka mingi mwananchi pekee aliyewahi kukaa kwenye vile viti alikuwa anasubiri mvua ikatike.

Bi Haythorne alipoletewa taarifa kwamba mahudhurio ya wananchi yamepanda mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba yamepanda katika kamati zote, hata ya makaburi, alivua miwani akaanza kuifuta. Watu wake walisema baadaye kwamba alilia kidogo. Wiki iliyofuata picha ya akina Breki ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti, na juu yake maneno makubwa: WANANCHI WAREJEA. Kinyume alilalamika kwamba wamemkata sikio.

Haikuishia hapo. Manispaa nyingine ilituma ujumbe kuja kujifunza siri ya Ottersby. Wageni wale, waliovaa beji, waliletwa mpaka kwenye viti vya wananchi, wakamwuliza Kinyume kitu gani kinawavuta raia kama yeye kwenye utawala wa mahali pao.

"Chai," Kinyume akajibu. "Nyingi, na iwe ya moto."

Wakaandika. Inasemekana huko kwao sasa kila anayehudhuria kikao hupewa birika lake.

Tatizo lilibaki Jumatatu, siku isiyo na kikao hata kimoja. Jumatatu Breki alikaa jikoni na redio. Bi Haythorne alipowaalika ofisini kuwashukuru, akawauliza kama kuna lolote ambalo halmashauri ingeweza kuwafanyia, Breki alisema wangefurahi sana kama kungekuwa na kikao siku ya Jumatatu. Chochote tu. Bi Haythorne alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mwezi haujaisha ikaundwa Kamati ya Jumatatu, yenye wajumbe saba, mwenyekiti na makamu, na kazi yake ilikuwa kutafakari ni mambo gani ingefaa itafakari.

Mtu aliyetibua yote alikuwa diwani mmoja asiye na chama, Osric Tillotson, fundi wa piano. Yeye peke yake ndiye aliyepinga choo kufungwa tangu mwanzo, na sasa alikuwa amewasilisha hoja kwenye baraza zima kwamba choo cha sokoni kifunguliwe. Alikuja kijiweni, akakaa upande unaovuja, akamwomba Breki asimame kwenye kipindi cha maswali ya wananchi aiunge mkono. Mwananchi hupewa dakika tatu.

Tillotson aliondoka. Mahakama ndiye aliyesema lililokuwa kichwani mwa kila mtu. Breki akisimama na kusema kweli, Bi Haythorne atajua kwamba ushiriki wake wote wa wananchi ni mkojo. Anaweza kuwafungia mlango wa jumba. Na hoja ikishindwa, watakuwa hawana choo cha huku wala cha kule.

"Basi aseme uongo kidogo," Kinyume alishauri. "Aseme ni urithi wa kihistoria. Kile choo kina vigae vya kijani."

"Mwenyewe unasemaje, Breki?" Mahakama akauliza.

Breki alikuwa ameshainuka kuelekea jumba la manispaa, kwenye kikao chochote. Alisema atafikiria huko.

Siku ya baraza zima ukumbi ulijaa. Meya aliketi juu na mkufu wake. Breki aliitwa, akaenda mbele kwenye kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuhudhuria aliwaona madiwani wote kwa mbele. Alishangaa walivyoonekana wamechoka.

"Mimi ni Clive Ormerod, niliendesha basi," alianza. "Naomba niseme ukweli, halafu mnitoe mkitaka. Sisi hatukuja kwa ajili yenu. Tulikuja kukojoa."

Mtu alicheka nyuma, akakatishwa na jicho la Mahakama.

"Nyumbani choo ninacho. Kizuri, mke wangu alikiwekea na zulia. Kwa hiyo msifikiri nadai choo. Mtu wa umri wangu akinyimwa choo mjini, anakuwa amenyimwa mji. Nilichokosa ni watu wa kuwakimbia katikati ya maneno, nikirudi niwakute bado wanagombana. Mlipopigilia zile mbao mlinipigilia mimi ndani. Basi. Na lile suala la bata mliliamua vizuri, nilitaka kusema hilo pia."

Alirudi kwenye kiti. Mahakama alimpa kitambaa, na Kinyume, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukubaliana na mtu, alimwambia amesema vema. Breki alijisikia mwepesi. Alimtazama Bi Haythorne, akategemea kumwona ana hasira. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

Mjadala ukafunguliwa. Tillotson alizungumza vizuri. Kisha akasimama diwani mmoja mnene wa upande wa Bi Haythorne, akasema hotuba ya Bwana Ormerod imemgusa sana, na kwa sababu hiyo hiyo lazima aipinge hoja.

"Tumesikia wenyewe," alisema. "Wananchi hawa wapo humu kwa sababu kile choo kimefungwa. Tukikifungua, Jumanne watakuwa sokoni. Sisi tutabaki na viti. Mheshimiwa Meya, kufungua choo ni kufunga demokrasia."

Pakawa na mngurumo wa kukubali. Mwingine akauliza Kamati ya Jumatatu itakaa na nani. Wa tatu alitaka ijulikane kwamba halmashauri iko karibu kupewa tuzo ya ushiriki wa wananchi, na tuzo hiyo ni ya kitaifa. Mmoja alipendekeza wakifunge na cha maktaba, waone kama vijana nao watakuja. Bi Haythorne alisimama mwisho, sauti yake ikiwa laini, akasema hajawahi kuona ushahidi wa wazi namna hii kwamba sera fulani imefanya kazi.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Choo cha sokoni kibaki kimefungwa, kwa manufaa ya umma. Tillotson alikuwa peke yake na mkono wake hewani upande wa pili. Breki alitazama mikono ile mingi, akajisikia kama dereva aliyepigiwa makofi na abiria kwa kupitiliza kituo. Alitaka kukasirika, ila wakati huo breki zilikuwa zimeshakatika, akalazimika kutoka.

Hata hivyo hawakufungiwa mlango. Badala yake, Bi Haythorne aliogopa wasije wakakata tamaa, na ndani ya wiki chache kibanda cha Gwenda kilihamishiwa ukumbi wa kuingilia wa jumba la manispaa, chini ya paa lisilovuja, karibu kabisa na mlango wa choo. Lionel aliombwa awakaribishe kwa majina. Breki sasa aliweza kunywa, kukaa, kutoka na kurudi bila hata kuvaa koti, na Jumatatu pia alikuwapo.

Shida ni kwamba harufu ya nyama ya kukaanga haina adabu. Ilipanda ngazi, ikaingia kwenye kamati ya ukaguzi. Diwani mmoja akashuka kununua mkate, akamkuta Kinyume anapinga kwamba mwezi wa pili ni mfupi, akakaa. Kesho yake wakashuka wawili. Muda si muda kamati ya viwango ilivunjika kwa kukosa akidi, kisha ya mipango, na mwenyekiti aliyebaki juu peke yake alishuka kuwatafuta wenzake, naye akapotelea kwenye ubishi. Huku chini mambo yalikwenda kasi. Mahakama aliwasikiliza, akawahukumu, na kwa kuwa nusu yao aliwahi kuwalisha mboga kwa lazima, hakuna aliyekata rufaa. Shimo la mtaa wa Tanners, ambalo kaunti na manispaa walikuwa wakisukumiana tangu Enid yu hai, lilizibwa baada ya vikombe viwili.

Ila choo kilikuwa kimoja, na chai ilikuwa nyingi. Alasiri moja Breki alijikuta kwenye foleni iliyozunguka mpaka kwenye picha za mameya wa zamani, wote ni madiwani, kila mmoja akibadilisha mguu. Meya alikuwa mbele kabisa, anagonga mlango kwa adabu, mkufu wake ukilia. Nyuma ya Breki akaja Bi Prudence Haythorne, kikombe mkononi, miguu imebanana. Foleni haikusogea.

"Bwana Clive," hatimaye alisema kwa sauti ya chini, "hivi kile choo cha sokoni tulikifunga kwa nini?"

Breki aligeuka, akamtazama kwa huruma ya mwenye maradhi mamoja.

"Mimi mwananchi tu, mama," alisema. "Hilo ukamwulize kiongozi wa halmashauri."